Halizai kitu, baba

Tangu usiku wa Jumanne ninayarudia kichwani maneno matatu niliyomjibu baba, na kila ninapoyarudia nayaona yalikuwa makavu mno kwa mzee aliyetoka kitandani saa nne za usiku, blanketi mabegani, akapapasa ukuta hadi barazani kwa sababu ya harufu tu.

Nina dungusi kubwa, mmea wa miiba nililopewa likiwa na ukubwa wa limau. Jina lake la kitaalamu ni Echinopsis, yaani linalofanana na kalunguyeye, na asili yake ni kusini mwa Brazili, Uruguay na Argentina. Mwaka huu limetoa matumba manne, na jioni ile la kwanza lilifunguka: ua jeupe lenye wekundu wa mbali, kubwa kuliko kiganja changu, juu ya mrija wenye manyoya unaokaribia sentimita 20. Huchanua jioni, hungoja nondo usiku kucha, na mchana wa siku ya pili huwa limesinyaa. Ndiyo maana nilikuwa nimeweka kigoda hapo, nikikesha nalo katika baridi yetu hii ya Mbeya.

“Harufu hii inatoka wapi, mwanangu?”

“Ni ua la dungusi, baba. Limechanua leo.”

Akanyoosha mkono, kwa kuwa macho yake yalikuwa bado na ukungu, akaupapasa mrija taratibu kwa vidole vilivyochuma kahawa miaka yote ya maisha yake huko Rungwe.

“Linazaa nini?”

“Halizai kitu, baba.”

“Haya,” akasema, akarudi ndani.

Ni hiyo “haya” isiyoniachia usingizi. Niliisikia kama hukumu ya miaka yangu tisa ya kuhangaika na miiba, ya kusomba changarawe nyepesi ya volkano kwa magunia ili mizizi isioze wakati wa masika, huku wenzangu wakipanda parachichi na kupata ada za watoto. Nilijibu kwa haraka ya mtu anayejitetea kabla hajashtakiwa. Tena jibu lenyewe si la kweli. Dungusi hili huzaa tunda dogo lililojaa mbegu nyeusi, ila halijipi mimba lenyewe. Linahitaji chavua ya dungusi la mama mwingine. Yangu yote kumi na mawili ni vitoto vilivyobanduliwa ubavuni mwa lile moja, kwa hiyo ni mmea mmoja uliokaa katika vyungu kumi na viwili, na kuyachavusha hayo kwa hayo ni kazi bure. Ningeweza kumweleza haya yote kwa dakika mbili, na angeyaelewa kuliko mtu yeyote ninayemfahamu.

Wiki ikaendelea: baba akatolewa mtoto wa jicho salama siku ya Alhamisi, na kitinda mimba wetu akamaliza mtihani wa kidato cha nne.

Leo asubuhi, nilipomtia dawa ya jicho, baba alinishika mkono akaniuliza swali ambalo sikulitarajia.

“Lile ua lako, ulilinyima maji?”

Nikamwambia kwamba sikulipa hata tone tangu Mei hadi Septemba, kwa kuwa dungusi lisipopumzika kwenye ukavu na baridi ya kipupwe hunenepa tu na halichanui.

“Kahawa nayo ni hivyo hivyo,” akasema. “Lazima ione kiu kwanza. Mvua ya kwanza ikinyesha, unahesabu siku kama kumi, shamba zima linakuwa jeupe. Siku tatu, limekwisha. Mama yako alikuwa anaacha kupika ili akaangalie.”

Hilo la mama sikuwahi kulisikia. Akanisimulia hadi chai ikapoa, kisha akaomba nimbandulie kitoto kimoja akakipande kwenye kopo barazani kwake. Kumbe aliniuliza kama mkulima anavyomuuliza mkulima mwenzake, na furaha iliyonijaa tangu saa ile ndiyo inayonifanya niandike usiku huu.

Lakini bado sijalisahihisha lile jibu langu, na nataka nilisahihishe kwa tunda. Kuna mama mmoja mtaa wa Soweto, hapa hapa Mbeya, mwenye dungusi la ukoo mwingine, nalo lina matumba. Ameniahidi chavua, na ikikaushwa vizuri hukaa siku kadhaa kwenye friji. Nimekwisha kutafuta brashi laini ya rangi. Tumba langu la nne limeanza kujiinua leo. Nadhani litafunguka Jumatatu.