Madoa Yameenda Wapi?

Julai ya mwaka 2017 Arusha ilikuwa na baridi ya kuingia mifupani. Sebuleni nilikuwa na tangi la kioo la lita 60, na ndani yake samaki wadogo wa mapambo waitwao gapi, kumi na wanne. Ijumaa moja nikanunua wengine wawili mjini, nikawamimina humo humo jioni ile ile. Usiku umeme ukakatika, hita ikazimika hadi asubuhi. Kipimajoto kilisoma nyuzi 19.

Jumatatu nikamwona dume mmoja mwenye mkia wa rangi ya chungwa, yule niliyempenda kuliko wote, anajikwangua ubavu kwenye jiwe. Anapita kasi, anajisugua, anazunguka, anarudi tena. Nikadhani anacheza. Mapezi alikuwa ameyabana mwilini, na wenzake walipopanda juu kula yeye alibaki kwenye kona. Dalili zote zilikuwa pale, siku mbili kabla ya doa lolote. Jumatano nikammulika kwa tochi ya simu: punje nyeupe mkiani, kama chumvi iliyonyunyiziwa.

Jirani yetu alikuwa bwana mifugo mstaafu. Hakuwahi kutibu samaki, lakini alikuja, akavuta kigoda, akatazama kimya kwa muda mrefu.

"Hawa wageni uliwatenga siku ngapi?"

Sikuwa na jibu.

"Ng'ombe wa mnadani humchanganyi na wako siku hiyo hiyo, mwanangu."

Usiku ule nilisoma mpaka macho yakauma. Doa jeupe huletwa na kimelea cha seli moja kinachojichimbia ndani ya ngozi ya samaki, na kikiwa humo dawa haikifikii. Kikishiba hudondoka chini ya tangi, hujifunika gamba, hugawanyika, kisha hutoka mamia ya vimelea vichanga vinavyoogelea kutafuta samaki. Hapo tu ndipo chumvi inapoviua.

Basi nikapandisha joto polepole, nyuzi moja asubuhi na moja jioni, hadi 28, kwa sababu maji yenye joto huharakisha mzunguko huo. Gramu 120 za chumvi ya mawe niliziyeyusha kwanza kando, nikazigawa kwa siku mbili. Pampu ya hewa sikuizima, maana maji yakipata joto hewa hupungua. Kila siku ya pili nilifyonza uchafu wa chini kwa mpira, lita 15, na kurudisha maji ya bomba yaliyolala ndooni usiku kucha ili klorini itoke. Kila ndoo ilipata chumvi yake, gramu mbili kwa lita.

Siku ya nne tangu joto lifike 28, madoa yote yakawa yametoka mwilini. Nilifurahi mno. Nikashusha hita, nikabadilisha nusu ya maji bila kutia chumvi.

Madoa yalirudi mengi kuliko mwanzo, na safari hii mashavuni. Samaki walikaa juu ya maji wakihema, midomo wazi. Yule wa rangi ya chungwa nilimkuta alfajiri nyuma ya filta, ameshakuwa mgumu. Nilimtoa kwa kiganja, si kwa wavu. Wanne wengine wakamfuata kabla ya Jumapili.

Mzee alipokuja tena hakunilaumu. Aliuliza tu: "Madoa yakitoka mwilini, yanakuwa yameenda wapi?"

Nikaitazama changarawe ya chini ya tangi. Nilikuwa nimeyasoma yote hayo kwa macho yangu, lakini ni swali lile lililonifanya niyaelewe.

Nikaanza upya, chumvi na joto, siku kumi na nne kamili, ingawa madoa yalikwisha kabla ya wiki ya kwanza kuisha. Jioni ya siku ya mwisho jike mmoja kati ya wale kumi na mmoja waliobaki akazaa kwenye majani yaliyokuwa yameanza kuungua kwa chumvi. Watoto walikuwa wembamba kama nyuzi. Nilipiga magoti mbele ya kioo na tochi ya simu, nikamulika mkia mmoja mmoja.