Kwenda Luangwa kutafuta darasa la picha

Tunduma foleni ya malori ya shaba huanza mbali kabla ya mji, kwa hiyo tulishuka kwenye basi tukamalizia na bodaboda hadi mpakani. Mtanzania haombi viza kuingia Zambia. Ofisa wa uhamiaji aliuliza kitu kimoja: "Unakuja kutembea au kufanya kazi?" Nikamwambia nimekuja kutazama, na ilikuwa kweli. Muhuri wa mgeni haukuruhusu kukusanya ada ya watu, na safari hii ilikuwa ya kutafuta mwenyeji wa kushirikiana naye, nije nifundishe kupiga picha za wanyama baadaye kwa vibali vinavyotakiwa.

Jamaa zangu Mbeya hawakunielewa. Ruaha ipo jirani, ya nini kuvuka mpaka? Sababu ya kwanza ni usiku. Katika hifadhi zetu nyingi, jua likizama mgeni anatakiwa awe amerudi kambini. Katika hifadhi ya South Luangwa, mashariki mwa Zambia, gari lenye mwongozaji mwenye leseni hubaki porini hadi saa mbili usiku likimulika kwa taa ya mkono, na bonde lile linasifika kwa chui. Sababu ya pili ni magari. Katika Land Cruiser za paa la kuinuka zilizozoeleka Serengeti, unasimama juu ukimpiga simba picha kutoka utosini. Gari la wazi la Luangwa linakukalisha chini zaidi, na kila sentimita lenzi inaposhuka kuelekea usawa wa jicho la mnyama, picha inabadilika.

Kutoka Nakonde, mji wa mpakani upande wa Zambia, hadi Lusaka ni karibu kilomita 1,000, na sitawachosha nazo. Kesho yake nikashika barabara ya mashariki, nikavuka daraja la mto Luangwa, nikafika Chipata, kisha Mfuwe kwenye lango la hifadhi. Sokoni nilinunua maharage makavu na kuyajaza kwenye mfuko wa kitambaa wa kulazia lenzi ndefu. Usibebe maharage kutoka nyumbani. Mpakani watakuuliza kibali cha mazao, na Mfuwe yapo tele. Siku ya kuondoka unampa mpishi.

Hifadhi hii ilitangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 1972, ina kilomita za mraba 9,050, na ndiko mhifadhi Norman Carr alikoanzishia safari za miguu kwa watalii miaka ya 1950. Mpaka leo ukitembea unatanguliwa na askari mwenye bunduki. Asubuhi tulitembea hivyo, tukakutana na twiga wa Thornicroft, ambaye bonde hili ndilo kwao pekee. Lakini kwa darasa la picha, kutembea ni kwa wenye lenzi nyepesi tu. Nililiona hilo mapema begani mwangu.

Usiku ndio ulioamua mambo. Mwongozaji wangu, mtu wa makamo aliyezaliwa kijiji cha jirani, alipita kundi zima la swala bila kuwamulika. Nikamuuliza sababu. Akasema swala akipigwa taa machoni hubaki haoni kwa muda, na fisi hahitaji msaada huo. Mbele, chini ya mwegea, chui alikuwa amelala. Nilitaka mwanga wa ubavuni, si wa usoni, ili manyoya yachoreke. Akaita gari la pili kwa redio, likasimama upande wa kulia na kumulika taratibu. ISO (wepesi wa kamera kupokea mwanga) 6400, shata moja ya mia ya sekunde. "Achimwene (kaka), nusu dakika, kisha nazima," mwongozaji alisema, na akazima kweli, nikiwa bado nataka.

Kamera yoyote nzuri inakodishwa. Dereva anayejua mwanga na anayethubutu kumkatalia mteja hapatikani kirahisi, kwa hiyo mazungumzo ya biashara nilifanya na mwongozaji yule na mwajiri wake. Magari, leseni na usalama ni vyao, na porini neno lake ndilo la mwisho. Wanafunzi, masomo, na kuchambua picha jioni ni vyangu. Tulibishana zaidi kuhusu viti. Gari lina safu tatu za watu watatu. Mimi nataka watatu kwa gari zima, kila mmoja safu yake. Bei inapanda sana, lakini darasa ambalo kiwiko cha jirani kiko mbavuni mwako si darasa.

Miezi nayo tulikubaliana. Juni na Julai kwa wanaoanza, maana kuna ubaridi asubuhi. Oktoba, joto likifika nyuzi 40, ni kwa wanaotaka wale ndege keremkerem wekundu wanaochimba viota kwenye kingo za mto. Mvua zikianza, udongo mweusi hufunga njia nyingi.

Wa kwanza nitawatafuta miongoni mwa wapiga picha za harusi wa Mbeya na Dar es Salaam. Hao wameshazoea kumbi zenye giza, ISO ya juu, na bibi harusi asiyekubali kurudia. Kazi yangu itakuwa kuwafundisha kukaa kimya. Nusu ya malipo italipwa mapema, na flashi zote zitabaki kambini.