Silinda ya tatu

Oili ya injini ya jahazi, kwenye kijiti cha kupimia, ilikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Tulifungua bolti ya chini ya sampu, yaani beseni la oili chini ya injini, tukakinga ndoo, na kabla ya oili yakatangulia maji, kama lita 4. Tukaonja tone. Chumvi. Basi si mvua iliyopenya sitahani. Ni maji ya bahari yaliyotoka kwenye njia za kupozea.

Injini ni ya Uingereza, ya zamani, silinda 4, kila silinda na hedi yake, yaani kifuniko chake cha juu. Kibao cha jina kilishang'olewa, pengine kikauzwa pamoja na shaba chakavu, kwa hiyo tulipima wenyewe: kipenyo cha silinda inchi 6, mwendo wa pistoni inchi 9. Ilikaa tumboni mwa jahazi la mizigo, ambalo tulilipweleza Mikindani wakati wa bamvua, mwezi Machi, kaskazi ikiwa inaishia. Nahodha alieleza kwamba silinda ya tatu ilianza kugonga wakitoka Kilwa, ukafuata moshi mweupe, mwisho injini ikajamu.

"Ringi hizo, mwanangu," akasema mzee huyo.

Ringi tatu za pistoni zilikuwa zimeng'ang'ania kwenye mifereji yake, kweli, ila hazikuwa mwanzo wa ugonjwa.

Siku ya kwanza yote iliishia kwenye nati. Spana za kawaida haziingii vizuri kwenye injini kama hii, kwa sababu nyuzi za bolti zake ni za Whitworth, kipimo cha zamani cha Uingereza, na namba iliyochapwa kwenye spana zake ni unene wa bolti, si upana wa kichwa cha nati. Spana ya nusu inchi ya kizamani ina mdomo wa milimita 23 na ushei. Ya 23 haiingii, ya 24 inacheza na kula kona za nati. Hapo ndipo watu huchukua patasi na nyundo, na stadi, zile bolti zisizo na kichwa, hukatikia ndani ya bloku. Sisi tulitia dizeli iliyochanganywa na oili nyepesi usiku kucha, asubuhi tukazipasha nati moto, tukazilegeza robo mzunguko, tukazirudisha kidogo, tukazilegeza tena. Zilitoka zote 8 za hedi ya tatu.

Kinachofurahisha kwenye injini hizi ni milango ya kando ya krankikesi, lile sanduku la chini lenye kranki. Huhitaji kuinyanyua injini nzima. Unafungua mlango, unaingiza mikono, unafungua kofia ya beringi ya konrodi, mkono unaounganisha pistoni na kranki, kisha pistoni na konrodi vinavutwa juu kwa winchi ya mnyororo iliyofungwa kwenye boriti za mkoko. Kabla ya kuvuta tulipiga alama za nukta kwenye konrodi na kofia yake, nukta 3 kila upande. Kofia ikigeuzwa, au ikivikwa konrodi ya jirani, beringi haitakaa sawa tena hata ukaze vipi.

Metali nyeupe ya beringi ilikuwa imeyeyuka na kupakwa pembeni kama siagi. Oili yenye maji haibebi mzigo. Utando wake unakatika, chuma kinagusa metali, joto linapanda. Kule kugonga nahodha alikokusikia kulikuwa huko. Ila maji yaliingiaje? Tukavuta laina, lile bomba ambamo pistoni hupanda na kushuka. Chini yake huwa na mipira miwili ya kuzuia maji yasishukie kwenye sampu. Ilikuwa migumu kama kucha, imepasuka, mmoja ukatoka vipande vipande. Mpira haufi hivyo kwa uzee peke yake. Umepikwa.

Na nyuma ya laina tukaona ukoko wa chumvi na chokaa, sehemu nyingine unene wa milimita 6, umeziba karibu nusu ya njia. Injini inayopozwa moja kwa moja kwa maji ya bahari isiachwe maji yanayotoka yakapita nyuzi 50 hivi za Selsiasi. Zaidi ya hapo ukoko hujijenga haraka, nao ukishajijenga huzuia joto kutoka, na joto hilo hujenga ukoko mwingine.

Tulikwangua kwa vyuma vyembamba, kisha tukajaza njia asidi ya chumvi iliyozimuliwa. Asidi inamiminwa kwenye maji, usimimine maji kwenye asidi. Milango yote wazi, sigara marufuku, maana asidi ikigusa chuma hutoa gesi ya haidrojeni inayolipuka. Ilichemka kama soda kwa nusu saa, ikatulia. Tuliimwaga mara mbili, mwisho tukasuuza kwa maji ya magadi ili kuua mabaki.

Beringi mpya ya namna hiyo huipati dukani, inamiminwa. Metali hiyo ni bati kwa sehemu kubwa, na antimoni na shaba kidogo. Tuliyeyusha iliyobaki ikatoka yote, tukasafisha ganda la shaba mpaka likang'aa, tukalipaka bati jembamba ili metali ishike. Katikati tukasimamisha bomba la chuma lililopakwa masizi, ili hilo metali isilishike. Nyufa zote tukaziba kwa udongo wa mfinyanzi, na udongo huo ukaushwe moto kabisa: tone moja la unyevu likikutana na metali ya nyuzi 400, metali inaruka usoni. Tulipima joto kwa kijiti kikavu; kikichomwa ndani kikageuka kahawia iliyokolea bila kuwaka moto, metali iko tayari. Inamiminwa mara moja, bila kusita. Ukisita unapata tabaka mbili zisizoshikana.

Karakana ya mjini Mtwara ikaikereza, ikatuachia ziada kidogo ya kukwangua kwa mkono. Kazi hiyo ilichukua siku 2. Unapaka rangi ya buluu nyembamba kwenye pini ya kranki, unafunga, unazungusha, unafungua, unakwangua palipoguswa kwa tupa ya pembetatu iliyonolewa. Tena. Tena. Ukiona madoa ya buluu yametapakaa uso mzima, hapo unapima nafasi. Tuliweka waya laini wa risasi, tukakaza, tukafungua, tukapima unene wa waya uliobanwa. Kwa pini ya inchi 4 tulitaka kama milimita 0.1. Ya kwanza ilitoka 0.06, tukaongeza shimu, vibamba vyembamba vya kupanua nafasi. Bolti za konrodi tulinunua mpya na spliti pini mpya, zile za kuzuia nati zisilegee. Anayerudisha spliti pini ya zamani ana haraka ya kuona konrodi ikitoka ubavuni mwa injini.

Mipira ya laina ya kipimo hicho haikupatikana. Tulikata kamba ya mpira usioharibiwa na oili, ncha zikakatwa mshazari na kugundishwa, kiungo cha mmoja kikatazama mbele na cha mwingine nyuma. Tulipaka sabuni laini, siyo grisi, tukashusha laina taratibu. Kabla ya kurudisha pistoni tulijaza maji, tukapampu mpaka baa 2 na kuacha saa nzima huku tukimulika tochi kutoka mlango wa kando. Pakavu. Washa za shaba tukazipasha mpaka nyekundu, tukazitumbukiza majini ili zilainike, kisha hedi ikakazwa kimkingamo kwa awamu 3.

Tulikuwa tayari kuwasha. Spanaboi mmoja ndiye aliyeuliza kwa nini ndoo inachukua muda kujaa kwenye bomba la kuingizia maji.

"Mzee, koki hii huwa mnaifunga?"

"Iko wazi siku zote, haijaguswa."

Gurudumu lake lilizunguka hadi mwisho, likaonyesha wazi. Tukasubiri maji yapwe, tukaifungua. Shina lilikuwa limekatika ndani, na kile kibamba kinachopanda na kushuka kimelala nusu njia. Ilikuwa shaba ya njano ya bei nafuu. Maji ya bahari yameila zinki yake, ikabaki nyekundu, laini, unaikwaruza kwa ukucha. Kwa muda mrefu injini ilikuwa inapozwa kwa nusu ya maji yake, na gurudumu linasema uongo.

Tukaweka koki mpya ya shaba nyekundu iliyochanganywa na bati, tukasafisha na chujio lililojaa mwani. Jahazi likiwa limeelea tulipanga upya kaplingi, kiungo cha injini na shafti ya propela, kwa sababu boti la mbao likiwa mchangani lina umbo jingine. Tukatoa hewa kwenye njia za dizeli, tukawasha. Dakika 10 bila mzigo, tukazima, tukashika kila beringi kupitia milango: ya tatu ilikuwa na joto sawa na nyingine. Nusu saa, tena. Maji ya kutoka yalisoma nyuzi 44. Baada ya saa 10 za safari fupi fupi nati za hedi zikakazwa upya na oili ikamwagwa; chini ya ndoo palibaki vumbi la rangi ya fedha, kijiko cha chai hivi, na hakuna maji.