Farina: viwanja viliuzwa, treni ikaja, mvua ikagoma

Wabongo wa Adelaide, Australia, tukipata likizo huwa tunakimbilia Melbourne kwa ndugu. Safari hii mzee mmoja wa kazini, mstaafu wa reli aliyerudi kupakua mizigo kwa sababu nyumbani kunamchosha, alinishawishi niende kaskazini, zaidi ya kilomita 600, kuangalia mji uliokufa uitwao Farina. Mke wangu akauliza kama nimekosa pa kumwaga mafuta. Tukaenda hivyohivyo, na watoto nyuma wakilalamika toka Port Augusta.

Farina huwezi kuielewa bila kumjua George Goyder, mpima mkuu wa ardhi wa koloni la South Australia. Mwaka 1865, nchi ikiwa imeunguzwa na ukame, alipanda farasi akazunguka huko akiangalia mimea, kisha akachora mstari kwenye ramani. Kusini ya mstari, lima ngano. Kaskazini, fuga kondoo, jembe liache nyumbani. Ndivyo alivyosema, na hakuna aliyekuwa na sababu ya kumbishia.

Sababu ikaletwa na mvua. Miaka ya 1870 ilinyesha vizuri, msimu baada ya msimu, na wakulima wakaanza kumwona Goyder kama mtu wa kukatisha tamaa. Mwaka 1874 wanasiasa wakalegeza kamba: ardhi ya kaskazini ikaruhusiwa kuuzwa kwa wakulima, tena kwa mkopo. Watu wazima, wenye elimu zao, walikuwa wakisema bila aibu kwamba mvua hulifuata jembe, yaani ukishaifungua ardhi, mawingu yenyewe yatakuja. Mpaka leo sijui nani alimwahidi nani.

Basi mwaka 1878 wapimaji wakapiga vigingi mahali palipoitwa Government Gums, zaidi ya kilomita 200 kupita mstari wa Goyder, wakagawa mamia ya viwanja jangwani, mitaa imenyooka, na mji wakaubatiza Farina, maana yake unga, kwa ngano waliyoitegemea. Mvua ya pale kwa wastani haifiki milimita 200 kwa mwaka. Lakini reli ya kutoka Port Augusta ilikuwa inakuja, na ikifika treni, nani atauliza habari za mvua?

Hapo nilicheka. Tangu SGR ianze kujengwa nyumbani, binamu yangu aliyegeuka dalali hanipi nafasi ya kupumua: "Kaka, kiwanja kiko karibu na stesheni, bei ya leo siyo ya kesho." Sisi wa ughaibuni ndio wateja wao wa moyoni, tunanunua kwa ramani na video ya dakika moja. Nikimuuliza maji yanatoka wapi, ananijibu reli inapita. Halafu mimi ni mtu wa Nachingwea! Kwetu Waingereza walileta mradi wa karanga baada ya vita, wakajenga na reli kutoka Mtwara. Mradi ukavunjwa mwaka 1951, reli nayo baadaye ikang'olewa.

Treni ilifika Farina mwaka 1882, kwenye reli ya upana uleule wa TAZARA. Ukame ulikuwa umeshatangulia kufika. Ngano ikafa, wakulima wakarudi kusini na madeni yao. Mji haukufa palepale, kwa sababu reli ilikuwa imeishia hapo na mizigo lazima ishuke: sufu, madini, vifaa vya mashamba ya mifugo ya ndani. Kukawa na hoteli mbili, benki, shule na wahunzi. Miaka miwili tu, mwisho wa reli ukasogezwa Hergott Springs, ambayo leo ni Marree, na Farina ikabaki kituo cha njiani.

Mizigo ya kuingia jangwani ilibebwa na ngamia, na wenye ngamia walikuwa Waislamu walioitwa kwa jumla Waafghani, ingawa wengine walikuwa Wabulushi, kama hawa wetu wa Mombasa na Zanzibar. Makaburi yao yapo Farina, yameelekezwa kibla, kando ya yale ya Wakristo. Mimi na wanangu tuliwasomea Fatiha. Sidhani kama wanapata wageni wengi wa kuwasomea.

Mwaka 1980 reli mpya ya Alice Springs ilifunguliwa mbali upande wa magharibi, na hii ya zamani ikapoteza kazi. Kilichobaki ni kuta za mawe zisizo na paa. Wa kujitolea wanazitengeneza polepole, na kila mwaka majira ya baridi huwasha tanuri la mkate la zamani, ambalo limejengwa chini ya ardhi. Unashuka ngazi za mawe, ukutani pameiva kwa masizi, moto ni wa kuni, na joto linakupiga usoni kabla hujamwona mwokaji. Mkate una ganda gumu. Mke wangu, yuleyule wa mafuta, alinunua mitatu.

Mkitaka kwenda, nendeni wiki za uokaji, beba maji yenu, na jazeni tangi Hawker. Mtandao wa simu msiutegemee. Binamu alinitafuta siku nzima bila kunipata.