Mpwa wangu kageuka bibi kwenye kanvasi

Dada yangu kaomba nimchoree mwanae wa miaka minne, nikasema poa tu, maana mi nimekulia kwenye uchoraji wa tingatinga, rangi ya kopo juu ya hadibodi, unapiga leo kesho imekauka unauza. Ila hii nikataka iwe rangi za mafuta, zile za tyubu. Jamani.

Kwanza mtoto hakai. Nilimwekea katuni nikapata kama dakika kumi hivi, bas, nikaishia kumpiga picha pembeni ya dirisha bila flashi (flashi inaua vivuli vyote, uso unabaki kama chapati) nikachora kwa kuangalia hiyo. Siku ya tatu akaja kuona, akauliza, "Anko, huyu bibi ni nani?"

Nilicheka lkn aliniuma kweli. Kumbe macho nilikuwa nimeyaweka katikati ya kichwa kama mtu mzima, wakati kwa mtoto yanakaa chini ya katikati, paji la uso ndo linachukua nafasi kubwa, na pua fupi. Halafu kile kimstari cha kutoka puani kuja mdomoni, nilikikoleza kidogo tu, miaka thelathini ikaongezeka hapohapo. Uzuri wa mafuta ni kwamba bado yalikuwa mabichi, nikachukua kitambaa na tapentaini nikafuta nusu ya uso.

Ngozi nayo. Nilikuwa nachanganya brauni na nyeusi kwenye kivuli, mtoto anaonekana kama katoka jikoni kwenye mkaa. Nyeusi nikaitupa kabisa, sasa natumia bent siena (brauni yenye wekundu) na bluu ya ultramarini (bluu iliyokolea), inatoka giza lenye uhai, na pale paji linapong'aa sio nyeupe, angalia vizuri, ile mwanga ya dirishani ina ubluu.

Shida iliyobaki ni kukauka. Mafuta ya kitani, ndo yaliyomo kwenye hizi rangi, hayakauki kama maji, yanashika hewa taratibu ndo yanaganda, kwahiyo tabaka za mwanzo unaweka nyepesi za tapentaini, zenye mafuta mengi zinakuja juu, ukigeuza zitapasuka mbele ya safari. Picha ipo juu ya kabati wiki ya tatu, shavu bado linanata, dada anapiga simu kila siku anauliza lini. Na vanishi inatakiwa isubiri kama miezi sita hivi, hilo sijamwambia.