Tamthilia za Mapenzi za Kikorea Zinazozidi Kunoga Ukishaujua Mwisho

Mtu anayetazama tamthilia ya mapenzi ya Kikorea kwa mara ya kwanza huwa na haraka. Anataka kujua kama wawili hao watapatana, nani ataumia, mama mkwe atanyamazishwa lini, na siri iliyofichwa tangu sehemu ya kwanza itafichuka kwa namna gani. Haraka hiyo ni halali, kwa kuwa waandishi wa tamthilia hizi ni mafundi wa kuikata sehemu pale pale ambapo roho ya mtazamaji iko juu. Lakini haraka ikishakwisha, nyingi kati yake hazina tena cha kumpa. Zile ninazozirudia mimi ni chache, na zote zina sifa moja: ukishaujua mwisho wake, zinakuwa bora kuliko zilivyokuwa ulipokuwa huujui.

Umbo lenyewe linasaidia. Kwa desturi hadithi hukamilika ndani ya sehemu 16, kila moja ikichukua saa moja au zaidi, zikirushwa mbili kwa wiki, na mara nyingi mwandishi huwa ni mmoja tangu mwanzo hadi mwisho. Hakuna msimu wa pili unaokuja kuivunja ndoa ambayo tulikwisha kuishangilia. Hata hivyo, kwa miaka mingi tamthilia hizi zilirekodiwa huku zikiendelea kurushwa, na waigizaji walipokea maneno yao yakiwa bado ya moto, jambo linaloeleza kwa nini nyingi za zamani huanza kwa kishindo na kuishiwa pumzi baada ya sehemu ya kumi. Descendants of the Sun ya mwaka 2016, yenye Song Joong-ki na Song Hye-kyo, ilirekodiwa yote kabla ya sehemu ya kwanza kwenda hewani, na tangu hapo wengi wamefuata njia hiyo. Yenyewe siirudii mara kwa mara. Ni nzuri kwa macho, lakini mizinga na mitetemeko ya ardhi husisimua mara moja tu.

Ninayoirudia kuliko zote ni Crash Landing on You, iliyorushwa na kituo cha tvN kuanzia Desemba 2019 hadi Februari 2020. Kisa chake kinajulikana: Yoon Se-ri, binti tajiri wa Korea Kusini, anabebwa na kimbunga akiwa kwenye mwavuli wa kurukia na kuangukia upande wa Kaskazini, mikononi mwa Kapteni Ri Jeong-hyeok. Kikisimuliwa hivyo, hata mimi nisingekitazama. Mwandishi Park Ji-eun, hata hivyo, alifanya jambo la kijanja sana: aliupanda mwanzo wa mapenzi hayo mahali pengine kabisa, nchini Uswisi, miaka kadhaa kabla ya kimbunga. Jeong-hyeok, aliyekuwa akisomea piano huko, aliwahi kupiga wimbo kando ya Ziwa Brienz, na Se-ri, ambaye wakati huo alikuwa amekata tamaa ya kuishi, aliusikia akiwa juu ya maji bila kumjua mpigaji. Mtazamaji wa mara ya kwanza huchelewa kuujua uzito wa jambo hilo. Mtazamaji wa mara ya pili anaingia nalo tangu dakika za mwanzo, na ukali wote wa Se-ri, madai yake ya shampuu na nyama katika kijiji kisicho na umeme wa uhakika, anauona kwa jicho jingine: huyu si tajiri anayedeka tu, ni mtu anayejifunza upya kutaka vitu vidogo vya maisha.

Ndiyo maana tukio la mshumaa haliishi ladha. Jeong-hyeok, askari asiyejua mambo ya wanawake wa mjini, alikuwa ameleta mshumaa wa kawaida pale Se-ri alipoomba wenye manukato. Baadaye Se-ri anapotea sokoni usiku, na kapteni anasimama katikati ya watu akiwa ameinua mshumaa unaowaka, safari hii ukiwa wa manukato kweli, ili amwone na kumfuata. Hakuna busu wala machozi, na kwangu hakuna tamko la mapenzi lililolizidi katika tamthilia yote.

Kuna pia watu wa pembeni. Mara ya kwanza niliwachukulia wanawake wa kijijini kama wachekeshaji waliowekwa kujaza nafasi. Ukirudia, unagundua kwamba wao ndio uti wa mgongo wa hadithi, kwa sababu kupitia kimchi, kabichi ya kuchachushwa wanayoiandaa pamoja, umbea wao na woga wao wa wakubwa, unapata sababu ya kuamini kwamba Se-ri angeweza kuikumbuka Kaskazini kwa uchungu. Vivyo hivyo Man-bok, mtu wa kusikiliza mazungumzo ya watu kwa siri, ambaye dhamira inamla kwa sababu ya kifo cha kaka yake Jeong-hyeok. Anastahili tamthilia yake mwenyewe. Na yupo askari kijana Kim Ju-meok, mpenzi wa tamthilia za Kusini zinazotazamwa kwa kujificha, ambaye anamhusudu Choi Ji-woo na hatimaye anakutana naye ana kwa ana. Anayemkumbuka Choi Ji-woo katika Winter Sonata ya mwaka 2002, tamthilia ambayo pamoja na Bae Yong-joon iliwatia wazimu watazamaji wa Japani na kukifanya Kisiwa cha Nami kuwa kivutio cha watalii, ataelewa kwa nini mzaha huo una heshima ndani yake. Waigizaji wakuu wawili, Hyun Bin na Son Ye-jin, walifunga ndoa ya kweli mwezi Machi 2022, na sitadai kwamba habari hiyo haibadilishi namna tunavyoyatazama macho yao.

Ikiwa Crash Landing on You inategemea siri ya zamani, Reply 1988 inategemea fumbo la wazi. Mwandishi Lee Woo-jung na mwongozaji Shin Won-ho wanamwonyesha mhusika mkuu, Deok-sun, wa leo akiwa ameolewa, kisha wanaturudisha kwenye kichochoro cha mtaa wa Ssangmun-dong mjini Seoul na kutuacha tubahatishe ni yupi kati ya vijana wa pale aliyekuja kuwa mumewe. Ilipokuwa ikirushwa, tangu Novemba 2015 hadi Januari 2016, watazamaji waligawanyika makundi mawili, la Jung-hwan na la Taek, na baada ya kufahamika aliyeshinda wapo waliokasirika kana kwamba wamedhulumiwa urithi. Ninawaelewa. Jung-hwan ndiye aliyepewa macho ya kamera katika nusu ya kwanza. Tulimwona akimkinga Deok-sun ndani ya basi lililojaa, tukamwona akichelewa kutoka nyumbani ili waende shule pamoja.

Rudia sasa ukiwa unajua. Utamwona Taek, bingwa wa baduk, mchezo wa ubao wa kete nyeusi na nyeupe, asiyejua hata kufungua vizuri pakiti ya maziwa, akikaa pembeni ya kila tukio, kimya, huku jicho lake likiwa upande mmoja. Utagundua kwamba Deok-sun mwenyewe anamshughulikia Taek bila kujipamba wala kujiuliza anapendwa au la, wakati kwa wengine huwa anapenda kwa kuwa ameambiwa na rafiki zake kwamba anapendwa. Kisha inakuja sehemu ile ambayo Jung-hwan, akimkimbilia Deok-sun, anazuiwa na taa nyekundu za barabarani na kufika akiwa amechelewa, na badala ya kuilaani bahati anatambua kwamba kilichomchelewesha ni kusita kwake mwenyewe kwa miaka mingi. Taek aliacha pambano lake ili awahi. Mara ya kwanza hilo ni pigo. Mara ya pili ni hukumu ya haki, ingawa bado inauma.

Sijasema lolote bado kuhusu kijana mwenzao Sun-woo na Bo-ra, dada mkubwa wa Deok-sun, ambao kwa maoni yangu ndio wapenzi bora wa kichochoro kile. Kizuizi chao si wivu wala ugonjwa wa ghafla bali ni sheria: wote wawili ni wa ukoo wa Sung wenye asili moja, na sheria ya Korea wakati huo iliwakataza watu wa jina moja la ukoo na asili moja kuoana, hadi Mahakama ya Katiba ilipoitangaza kuwa kinyume cha katiba mwaka 1997. Na kabla ya mapenzi yote kuna sehemu ya kwanza, ambayo ningemshauri mtu aitazame hata kama hataki kuendelea: Deok-sun amejiandaa kwa muda mrefu kubeba bango la Madagaska katika ufunguzi wa Olimpiki ya Seoul, nchi hiyo inajitoa, nyumbani siku yake ya kuzaliwa inaunganishwa tena na ya dada yake, anapasuka kwa kilio, na baba yake anamwomba radhi usiku akimweleza kwamba hata yeye hakuzaliwa akiwa baba. Kuna wanaolalamika kwamba sehemu za tamthilia hii ni ndefu mno. Ni ndefu kweli, hasa za mwishoni.

When the Camellia Blooms ya mwaka 2019 ni ya aina nyingine. Dongbaek, mama anayemlea mwanawe peke yake, anafungua baa katika mji mdogo wa kubuni uitwao Ongsan. Polisi Yong-sik anampenda waziwazi, bila hila na bila kujiona anamfanyia hisani. Na nyuma yao kuna muuaji anayeuandama mji. Mtu angedhani kwamba ukishamjua muuaji, shauku imekwisha. Kwangu ilikuwa kinyume, kwani fumbo lilipoondoka nilipata nafasi ya kumtazama mama yake Dongbaek, mwanamke aliyemtelekeza binti yake utotoni na kurejea akiwa mzee, ambaye kila neno lake la mwanzo lina maana mbili. Nilipata pia nafasi ya kuwafuata wanawake wenye migahawa ya kaa katika kichochoro kile, wanaomsengenya Dongbaek hadharani na baadaye kumlinda kama ndugu. Gong Hyo-jin, aliyemwigiza Dongbaek, alipata tuzo kuu ya kituo cha KBS mwaka huo, na hakuna aliyeistahili zaidi. Mwandishi wake, Lim Sang-choon, ndiye aliyekuja kuandika When Life Gives You Tangerines mwaka 2025, hadithi ya Ae-sun na Gwan-sik wa kisiwa cha Jeju. Hiyo naistahi mno, lakini siwezi kuirudia yote. Kuna msiba ndani yake ambao sihitaji kuupitia tena, kwa hiyo huishia pale wanapokuwa vijana.

Coffee Prince ya mwaka 2007 inaonyesha umri wake katika simu, nguo na nywele, lakini Yoon Eun-hye na Gong Yoo hawajazeeka. Kisa cha msichana anayejifanya mvulana ili apate kazi kimetumiwa na wengi. Kilichokiokoa hapa ni kwamba Han-gyul, mwajiri wake, anateseka kwa dhati akidhani amempenda mwanamume mwenzake, na anaamua kumpenda hivyo hivyo kabla hajajua ukweli. Mwongozaji Lee Yoon-jung aliacha kamera itulie juu yao kwa muda mrefu kuliko ilivyokuwa desturi, na joto la mgahawa ule bado linafika.

Siku ambazo kichwa kimechoka, mimi huweka Weightlifting Fairy Kim Bok-joo. Iliporushwa na MBC mwishoni mwa mwaka 2016 watazamaji wa Korea hawakuijali sana, na umaarufu wake ulikuja baadaye kupitia intaneti. Ni hadithi ya mnyanyua uzani na muogeleaji wa chuo cha michezo. Hakuna tajiri, hakuna mama mkwe anayemwagia mtu maji, na mgogoro mkubwa ni wa mtu kuuona mwili wake mwenyewe kuwa aibu au fahari. Anayetaka mikasa atachoka nayo.

Zipo nyingine zinazopendwa na wengi ambazo mimi nimeziweka kando. Boys Over Flowers ya mwaka 2009 ilimfungulia mlango kila mtu, lakini leo siwezi kumvumilia kijana anayemvuta msichana mkono na kumpigia kelele, kisha tukaambiwa huo ndio upendo. Goblin nairudia kwa ajili ya Gong Yoo na Lee Dong-wook wanavyogombana nyumbani, si kwa ajili ya mapenzi yake. Twenty-Five Twenty-One, yenye Kim Tae-ri aliyeigiza kwa nguvu za ajabu, ina kasoro moja tu, nayo ni kwamba mwisho wake unafuata mantiki yake bila huruma. Ukishaujua, kila kicheko cha mwaka 1998 kinakuwa na deni.

Our Beloved Summer, iliyorushwa na SBS kuanzia Desemba 2021 hadi Januari 2022, yenyewe inahusu kutazama tena. Choi Ung, wa mwisho darasani, na Kook Yeon-su, wa kwanza, walirekodiwa kwa ajili ya filamu ya hali halisi walipokuwa sekondari. Wakapendana, wakaachana, na miaka mingi baadaye filamu ile inavuma mtandaoni hata wanalazimika kurekodiwa tena wakiwa hawataki kuonana. Mara ya kwanza niliwatazama wao. Siku hizi ninamtazama Kim Ji-ung, rafiki yao aliyepewa kazi ya kuirekodi filamu hiyo mpya, ambaye anampenda Yeon-su na hajamwambia. Kila anapowaelekezea kamera, ninajiuliza ni picha zipi alizibakiza kwa sababu filamu ilizihitaji, na zipi alizibakiza kwa sababu hakuweza kuzifuta. Tamthilia haijibu swali hilo, na mimi sijachoka kuliuliza.