Mama mwenye nyumba wangu wa Saigon na filamu ya nyumba yenye mizuka

Juzi nimerudi kazini, huku Saigon, Vietnam, nina hasira hadi machozi. Yule mwalimu mzungu tuliyeanza naye kazi siku moja, vyeti tunalingana, kumbe kwa saa analipwa karibu mara mbili yangu, naambiwa eti wazazi wanapenda sura ile. Nimejifungia chumbani taa nimezima, mama mwenye nyumba akagonga: "Con ăn cơm chưa?" Yaani mwanangu, umeshakula wali? Huku ndo salamu, kama kwetu tu.

Akanishusha sebuleni. Mjukuu wake kaweka The Haunting, ile ya Robert Wise ya 1963, nyeusi na nyeupe, chini maandishi ya Kivietnamu. Mzuka humuoni hata mara moja, ni kugonga ukutani na mlango wa mbao unaotuna kama unavuta pumzi! Halafu Eleanor kalala gizani kashika mkono anajua ni wa mwenzie Theo, taa inawaka Theo yuko mbali kule, sasa mkono ule ulikuwa wa nani? Hapo mama akanidaka mkono, hakuuachia mpaka filamu imeisha.

Kilichonishika zaidi ni tafsiri. Kiingereza kina "wewe" moja kwa watu wote, Kivietnamu lazima mtafsiri aamue nani mkubwa nani mdogo. Wale wanawake, Eleanor na Theo, walianza na tôi, "mimi" ya mtu baki, hofu ilivyowazidi wakawa chị na em, dada na mdogo wake. Undugu ule kwenye Kiingereza haupo, kautia mtafsiri, na alipatia kabisa.

Mnaoniuliza inbox kuhusu kuja kufundisha huku, cheti cha chuo kigongwe mihuri yote kabla hujapanda ndege, msije na viza ya utalii mkaanza kazi, na mjue mtaitaje watu kabla hamjajua bei za soko. Sauti nazo mzishike: ma ni mzuka, má sauti ikipanda ni mama, kwa watu wa kusini.

Nilivyohamia mama alikuwa ananiita cô, kama mgeni yeyote. Sijui lini nimekuwa con, mwanangu. Hela ya yule mzungu bado inaniuma sana, sitadanganya. Ila jana asubuhi nimeshuka nikamwita má, nimepandisha sauti vizuri, hakusema kitu, akanisogezea kiti na bakuli.